Kanisa la Wachimba Fedha

Mlio na Biblia karibu, fungueni Kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Pale tunasoma habari za watu waingiao chini ya ardhi kutafuta fedha, wakining'inia mbali na wenzao. Leo tutazame mji mmoja ambao watu wake waliishi hivyo hasa.

Mji huo ni Kutná Hora, katika nchi ya Cheki, mashariki ya Praha. Mnamo mwaka 1300 Mfalme Václav wa Pili alianza kupigisha hapo sarafu ziitwazo grosheni. Sisi kwa Kiswahili twasema fedha, tukiwa na maana ya madini na ya pesa pia. Katika mji ule vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja kweli. Shimo moja, jina lake Osel, yaani Punda, lilishuka karibu mita 500. Wachimbaji walijifunga ngozi kwa nyuma wapate kuteleza kwenda chini, wakavaa nguo nyeupe waonekane gizani, na mwanga wao ulikuwa taa ndogo tu. Mtu aliyemuaga mkewe asubuhi hakuwa na hakika ya jioni.

Watu hao walitaka kanisa lao wenyewe, kwa maana hadi hapo walikuwa chini ya watawa wa Sedlec, majirani zao. (Ugomvi wa mipaka ya parishi haukuanza kwetu!) Basi mwaka 1388 wakaanza kulijenga kanisa la Mtakatifu Barbara, waliyemhesabu kuwa mlinzi wa wachimbaji. Gharama zilitoka katika fedha ya migodi.

Kisha mwaka 1415 Jan Hus alichomwa moto huko Konstanz. Wafuasi wake walidai kwamba kila muumini apewe kikombe cha Bwana, si kasisi peke yake. Wenye mji wa Kutná Hora walipinga. Vavřinec wa Březová, mwandishi wa siku zile, asimulia kwamba wafuasi wa Hus walikamatwa na kuuzwa kwa watu wa mji, na kasisi alikuwa na bei kubwa kuliko Mkristo wa kawaida. Baada ya kununuliwa walitupwa ndani ya mashimo ya fedha. Yeye ataja watu zaidi ya 1,600.

Wapendwa, wanunuzi hao walikuwa wabatizwa, wenye kanisa zuri linalojengwa. Sisi tunaopokea kikombe kila tukaribiapo Meza ya Bwana, je, twakumbuka kwamba kuna watu walionunuliwa na kuuawa kwa ajili ya kukitaka?

Vita vikaja, na ujenzi ukasimama zaidi ya miaka 60. Halafu mwaka 1485, katika mji ule ule, pande zote mbili zilikaa pamoja zikapatana kwamba kila mtu, bwana au mtumishi, ashike njia aitakayo kati ya hizo mbili, na asisumbuliwe. Mapatano yalikuwa ya miaka 31. Mwaka 1512 yakafanywa ya daima. Hayakuwa kamili, maana kundi dogo la Umoja wa Ndugu liliachwa nje. Hao ndio wazee wa imani wa Wamoravian, waliofika kusini mwa Tanganyika mwaka 1891.

Mafundi nao walirudi kazini. Benedikt Rejt aliweka dari ambayo mbavu zake za mawe zapindana kama ukili, na paa likapewa vilele vitatu mfano wa mahema. Lakini fedha ikapungua ardhini, kazi ikakatika tena, na kanisa halikumalizika mpaka mwaka 1905, migodi ile mikuu ikiwa imekwisha zamani. Ndani, katika kikanisa cha pembeni, wamechorwa ukutani wapiga sarafu, nyundo mkononi. Sarafu wanazozipiga ni grosheni zile zile.

Na tuombe.