Safari ya Vilima vya Pugu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kibaha)



Halmashauri imetuagiza tuwasimulie safari yetu ya Kisarawe. Tumekubali kwa furaha, ila twaomba radhi mapema, maana mwisho wa habari hii si furaha tupu, na aibu iliyomo ni yetu sisi tuliokwenda.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, wote watu wa kalamu, wenye kuketi vitini tangu asubuhi hata jioni. Tuliondoka Kibaha alfajiri, tukashuka kwa Barabara ya Morogoro, tukazunguka hata Gongo la Mboto, tukapita Pugu, na jua lilipoanza kuwa kali tulikuwa tumekwisha fika Kisarawe, mji ulio yapata kilometa 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Hapo ndipo palipo na mlango wa Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, unaotunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Tulilipa kiingilio, tukapewa stakabadhi. Mweka hazina wetu aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Twawaomba muikumbuke stakabadhi hiyo.

Msidhani kwamba tulipanda mlima mkubwa. Kilimanjaro una mita 5,895. Vilima hivi havifiki hata 400. Lakini mtu aliyezoea kiti huujua mlima kwa pumzi zake, wala si kwa kipimo cha ramani. Mazungumzo mengi tuliyoanza nayo mlangoni yalikatika katika mwinuko wa kwanza, na kwa muda mrefu hatukusikia ila ndege na viatu vyetu wenyewe. Anayetaka kwenda na aende mapema, achukue maji ya kutosha, avae viatu vilivyofunika vidole, wala asiache kufuatana na kiongozi.

Kiongozi wetu alikuwa kijana mwenye maneno machache. Alituambia kwamba humo huishi komba wa Rondo, mnyama mdogo mwenye uzito wa gramu 60 hivi, atembeaye usiku, ambaye dunia nzima haonekani ila katika misitu michache ya Tanzania. Alitueleza pia habari za mapango yaliyochimbwa kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini, ambamo sasa popo wamefanya makao, nao hutoka kwa maelfu magharibi ikiingia.

Tulipopumzika tulikumbushana mambo ya kale. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita katika vilima hivi ikiiendea Morogoro. Na hapa Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha shule, hata mwaka 1955 ilipombidi achague kazi ya ualimu au kazi ya siasa, naye akauacha mshahara. Sisi tunaoupenda mshahara tulinyamaza kidogo kwa habari hiyo.

Kisha kiongozi alitwambia ya kwamba katika vilima hivi ndiko unakoanzia mto Msimbazi. Nani kati yetu asiyeujua? Ndio ule upitao Jangwani, uliofurika Desemba 2011 ukaua watu na kuharibu nyumba nyingi, hata jamaa wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mti ukisimama kilimani, majani yake huipokea mvua na mizizi yake huyapa maji nafasi ya kuingia ardhini polepole. Mti ukikatwa, maji huteremka kwa pamoja na mchanga. Mafuriko yana sababu nyingi, lakini kilima kilicho uchi hakimsaidii mtu wa bondeni.

Tulimwuliza, “Ni nani wanaoukata msitu?” Tulitazamia atawataja wanavijiji. Akajibu, “Makaa hufuata mshahara.” Wala hakuongeza neno.

Mabwana, jambo lililofuata ndilo la aibu. Tulipokuwa tukirudi tuliona magunia ya makaa yamepangwa kando ya barabara. Gari likasimamishwa, wenzetu watatu wakashuka, wakauliza bei, na gunia moja likapakiwa. Makaa yale yalikotoka hatujui. Huenda yalikuwa ya halali. Lakini hatukuuliza. Sisi ambao asubuhi tulitaka stakabadhi ya kiingilio, jioni hatukutaka kuona kibali cha gunia. Tulikuwa tumekwisha kuwalaumu wakata miti njia nzima. Nyani haoni kundule.

Tulibishana hata Kibaha. Mmoja alisema kwamba gesi ni ghali na watoto lazima wale, na neno lake ni la kweli. Mwingine alisema kwamba gunia moja hula kuni zenye uzito mara tano au zaidi ya makaa yatokayo tanurini, na neno lake ni la kweli pia. Serikali nayo, katika mkakati wake wa mwaka 2024 hata 2034, imekusudia kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lakini mkakati haupiki ugali. Ugali hupikwa jikoni mwa mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo mawili. Kwanza, kila mwanachama anunuaye makaa aulize kibali, kama aulizavyo hesabu kazini. Pili, mfuko wetu wa akiba ukopeshe fedha za kununulia jiko na mtungi wa kwanza wa gesi, na mkopaji alipe kidogo kidogo mwisho wa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Sisi kumi na mmoja tumekubaliana kuwa wa kwanza kuandikwa, na wale watatu wameomba majina yao yatangulie. Mwakani, mvua zikiisha, twataka kurudi Kisarawe pamoja nanyi, na safari hiyo gari lisisimame njiani.