Ni Lini Kioo Kichorwe Upya?

Leo twataka kufikiri jambo dogo, lakini lenye kuweza kumharibia mtu kazi yake: programu ya kuandikia katika kompyuta ichore upya kioo chake, yaani skrini, wakati gani?

Maandishi yenyewe yamo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Kioo ni picha yake tu. Picha ikichelewa, mtu huamua kwa habari zilizokwisha pitwa. Siku moja nilibonyeza kitufe cha kufuta, nikaona herufi haziondoki. Nikabonyeza tena na tena. Kumbe zilikuwa zikifutika. Kilichochelewa ni kioo. Kilipozinduka, aya nzima ilikuwa imekwenda.

Je, basi, kioo kizima kichorwe kila herufi moja inapoguswa? Hapana. Tufanye hesabu. Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipoanza kuitengeneza programu ya vi mwaka 1976, alitumia laini ya simu iliyopitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde. Kioo cha mistari 24, kila mstari nafasi 80, kina nafasi 1,920. Kukijaza chote ni sekunde 64. Nani angengoja hivyo kwa kosa la herufi moja? Mwalimu akikosea neno ubaoni, hafuti ubao mzima.

Laini zile zimepita, na vioo vingi vya leo hujichora mara 60 kwa sekunde. Hata hivyo kanuni zimebaki.

Kwanza, amri imalizike ndipo kioo kichorwe. Ukiamuru neno "shamba" ligeuzwe "bustani" mahali 1,000, picha moja mwishoni yatosha.

Pili, kichorwe kilichobadilika tu. Lakini hati moja ikiwa wazi katika madirisha mawili, badiliko lionekane katika yote mawili. Ama sivyo dirisha moja litasema uongo.

Tatu, mwandishi akibonyeza kitufe kingine wakati kioo kinachorwa, lipi litangulie? Programu ya Emacs, ambayo asili yake ni chuo cha MIT mwaka 1976, kwa miaka mingi iliacha kuchora ili imsikilize mwandishi kwanza. Kwa laini za polepole ilifaa sana. Lakini mtu akishikilia kitufe cha kuteremka, kioo chaweza kukaa kimya mpaka akiachie, naye hajui amefika wapi. Kwa hiyo toleo la 24.1, la mwaka 2012, liligeuza desturi hiyo: kuchora kukianza, kumalizike.

Twaona basi kwamba programu ina wajibu wa namna mbili: kumtii mwandishi upesi, na kumwonyesha kweli kabla hajatoa amri nyingine.

Zoezi la juma hili: kioo chako kikikwama, ondoa mkono, ngoja, utazame, kisha ndipo ubonyeze.