Tusiwaache peke yao katika kilio

Maneno yaliyosemwa mbele ya waamini siku ya Yubile ya parokia yetu



Siku ya yubile ni siku ya kushukuru, na leo tumeshukuru kwa nyimbo na kwa zawadi. Lakini katika Agano la Kale mwaka wa yubile ulikuwa pia mwaka wa madeni: mtumwa aliachiliwa, na aliyepoteza shamba la wazee wake alirudishiwa. Basi si vema tumalize sherehe hii bila kujiuliza kama sisi tunalo deni. Ndugu zangu, tunalo. Ni deni letu kwa jamaa zinazolia huko Kalehe, kando ya ziwa Kivu.

Mnakumbuka Alhamisi ile, tarehe 4 Mei 2023. Mvua kubwa ilinyesha juu ya milima, mito ikafurika, ikateremka kwa nguvu pamoja na mawe na matope mpaka ziwani. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, na watu walikuwa wengi. Nyamukubi na Bushushu zilipigwa vibaya sana. Maiti zaidi ya 400 ziliokotwa, na watu wengine wengi hawakuonekana tena. Wengi walizikwa upesi katika makaburi ya pamoja. Tarehe 8 Mei inchi nzima ilikaa katika matanga.

Sisi sote tunajua namna wazee wetu walivyotufundisha kulia mfu. Maiti inaoshwa, moto unawashwa uani, jirani wanaleta kuni, maji na unga, na wanawake wanakaa chini pamoja na mfiwa. Lakini pale ambapo hakuna maiti, kilio kitaanza siku gani, na kitamalizika siku gani? Tena, pale ambapo kijiji kizima kimepatwa, ni jirani gani atakayeleta kuni, kama naye anatafuta watoto wake katika matope? Hapo ndipo tunaelewa kwamba jirani wa mtu wa Kalehe ni sisi tunaokaa mbali, sisi ambao nyumba zetu zilibaki zimesimama.

Tukubali sasa kosa letu. Majuma yale ya kwanza tulikusanya maharagi, nguo na mabashi, tukayapeleka, na hiyo ilikuwa vema. Kisha tulirudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha. Tulipopita tena huko baada ya miezi mingi, mama mmoja alitushukuru kwa chakula; halafu akatuuliza, bila hasira, kama kuna mtu kwetu anayemwombea mwanawe kwa jina lake. Tulinyamaza. Jina lile hatukulijua, kwa sababu hatukuwa tumeliuliza.

Tangu siku hiyo tumejifunza mambo matatu, nasi tunayaacha kwenu kama zawadi ya yubile.

La kwanza, tusijifanye waamuzi. Yezu aliposimuliwa juu ya watu waliouawa, yeye mwenyewe alikumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa na dhambi kuliko wakaaji wengine wa Yeruzalemu. Basi asiwepo Mkristu wa kumwambia mfiwa kwamba mafuriko ni azabu yake. Rafiki za Yobu walifanya vema siku saba walizokaa chini pamoja naye bila kusema neno. Walikosa walipoanza kumweleza sababu za mateso yake. Na Bwana wetu, ingawa alijua kwamba atamfufua Lazaro, alilia kwanza.

La pili, tuwape wafu majina yao. Tobiti alihatarisha maisha yake ili kuzika ndugu zake waliotupwa, na Eklezya inahesabu kuzika wafu kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Ambaye mwili wake haukupatikana, tuulize jina lake, tuliandike, tulisome mbele ya altare tarehe 2 Novemba pamoja na majina ya marehemu wetu. Kaburi hatuwezi kumpa, lakini mahali katika sala ya watu wa Mungu tunaweza. Mungu hampotezi yule ambaye ziwa limemchukua.

La tatu, tukae muda mrefu. Huzuni haiishi siku ile gari la misaada linapoondoka. Yatima anahitaji daftari kila mwaka wa masomo. Mjane anahitaji mtu wa kumsindikiza ofisini kwa ajili ya karatasi za marehemu, na mikono ya kulima naye shamba jipya, kwa kuwa la zamani limejaa mawe. Mzee aliyebaki pekee anahitaji tu mgeni wa kuketi naye na kusikia habari za watoto wake, hata akizirudia mara kumi. Hayo hayadai mali nyingi, yanadai uaminifu.

Wapendwa, tunaomba kila shirika lishike jamaa moja yenye kilio, iwe ya Kalehe, iwe ya hapa kwetu, na lisiiache. Wakuu wa mashirika waanze na kazi iliyo nyepesi: kwenda, kusalimu, kuuliza jina. Yule mama tulimrudia, tukauliza. Jina la mwanawe sasa limo katika kitabu chetu cha marehemu, na siku tulipolisoma Misani alikuwa ameketi kati yetu.

Yubile yetu itakuwa ya kweli siku ile wafiwa watakaposema kwamba hatukuwaacha. Maria, Mama aliyesimama chini ya msalaba, atufundishe kusimama karibu nao.

Mungu awabariki ninyi nyote. Amina.