Miaka Iliyotulea



Sisi Warundi hutambuana kwa mwaka wa kukimbia. Wa 1972 walipewa mashamba Katumba, Ulyankulu na Mishamo, jembe likawalea. Sisi wa 1993, Rais Ndadaye alipouawa, tulibebwa mgongoni. Foleni ya mgao ikatulea. Tulirudi, tukakimbia tena 2015. Wanafunzi wetu waliozaliwa kambini wakiulizwa kwao, hutaja zoni na namba ya nyumba. Tusiwacheke: wamejibu kweli. Lakini malezi tusiiachie miaka peke yake. Sisi walimu tunaomba kila mzazi amtajie mtoto kilima alikozaliwa babu yake, bila kumrithisha chuki. Shule itafundisha kusoma ramani. Jina la kilima litoke nyumbani.