Neno Moja Dogo

Dominika ya 3 ya Mwaka C
(Neh 8:2-6, 8-10, Lk 1:1-4, 4:14-21)



Huku kwetu Bulyanhulu, mchanga uliokwisha kuoshwa hautupwi. Wachimbaji wadogo huuita marudio, na mwenye subira huupitia tena akapata dhahabu iliyomponyoka wa kwanza. Leo, katika Dominika ambayo Papa Fransisko mwaka 2019 aliiweka iwe ya Neno la Mungu, walimu na makatekista tujiulize: nasi twasoma hivyo?

Ezra alisoma Torati tangu mapambazuko hadi adhuhuri. Walawi wakawafafanulia watu maana yake, nao watu wakalia, kwa kuwa walielewa.

Na Yesu alisomaje kule Nazareti? Tulinganishe Injili na Isaya sura ya 61. Nabii anataja mwaka wa neema ya Bwana, na papo hapo siku ya kisasi. Yesu alisoma neema, akakifunga chuo kabla ya kisasi. Ni nani kati yetu aliyewauliza wanafunzi wake kwa nini alikomea hapo? Tumezoea kuwasomesha haraka, wakaitikia kwa pamoja, nasi tukaridhika.

Hapo tuna la kuungama. Mama mmoja mjane aliletewa karatasi ya shamba lake. Mjukuu wake, mwanafunzi wetu hodari wa katekisimu, alimsomea yote bila kukwama. Mama akatia dole gumba akidhani anauza kipande, kumbe karatasi ilisema "lote". Kijana alilitamka neno hilo, asilisikie. Kosa lilikuwa letu: tulimfundisha kutamka, hatukumfundisha kuuliza.

Tangu hapo twasoma aya chache, mara tatu, na kila mmoja aonyeshe neno lililomsimamisha. Wengine hunung'unika kwamba hatumalizi kitabu. Lakini siku moja kijana yule yule alituuliza: "Ikiwa Yesu aliacha kisasi, bibi naye anyamaze?" Hatukumjibu. Tulimrudisha katika aya. Akasoma tena, akasimama penye walioonewa wanaoachwa huru. Kisasi kimeachwa, haki haikuachwa. Juma lile tulifuatana na bibi hadi baraza la kata.

Shamba bado halijarudi. Lakini sasa mjukuu humsomea bibi yake kila karatasi polepole, naye bibi huuliza.

Ee Bwana, utufungulie macho na masikio, tusipite juu ya Neno lako, wala juu ya jirani yetu. Amina.