Jibu la Sayansi Lisimame kwa Ushahidi
Mazungumzo kwa walimu na wanafunzi wa elimu ya watu wazima



Mwanafunzi aliye mtu mzima huja darasani na maarifa mengi. Amelima, amefuga, amelea. Akiulizwa swali la sayansi, huandika anachokijua, lakini haandiki amekijuaje. Hapo ndipo alama hupotea, na hapo ndipo kazi ya mwalimu huanzia.

Chukueni swali hili: Je, mahindi haya yamekauka kiasi cha kuwekwa ghalani? Wengi hujibu, "Ndiyo, kwa sababu yameanikwa siku tano." Siku tano zinaeleza kazi ya mkulima, hazielezi hali ya punje.

Mwalimu na alete chupa mbili za kioo, kavu na zenye vifuniko. Ya kwanza itiwe mahindi na chumvi kavu. Ya pili chumvi peke yake. Zitikiswe dakika moja, kisha ziachwe dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo cha chupa yenye mahindi tu, unyevu wa punje umezidi takriban asilimia 15.

Jibu sasa liwe na sehemu tatu. Dai: "Mahindi hayajakauka vya kutosha." Ushahidi: "Chumvi ilinata kwenye chupa yenye mahindi; kwenye chupa isiyo na mahindi haikunata." Sababu: "Chumvi hunyonya maji, kwa hiyo unyevu ulitoka kwenye punje."

Na chumvi isiponata? Mwanafunzi asikimbilie kuandika kwamba mahindi yako tayari. Kiwango cha kuhifadhi nchini Kenya ni asilimia 13.5. Chupa imeonyesha tu kwamba unyevu uko chini ya takriban 15. Yanayobaki yanahitaji mashine ya kupima unyevu. Dai lisizidi ushahidi.

Jambo hili si la mtihani pekee. Mwaka 2004, mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu, yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Chupa ya chumvi haipimi sumu hiyo, lakini huonya mapema kuhusu unyevu unaostawisha ukungu.

Aliyezoea kuulizwa darasani "umejuaje?" atajiuliza vivyo hivyo kabla ya kufunga gunia.