Elewa Maneno ya Mkataba Kabla ya Kutia Sahihi



Mikataba mingi ya kazi hapa kwetu huandikwa kwa Kiingereza, na neno moja likikupita linaweza kukugharimu haki yako.

Tuanze na "casual". Huyo ni kibarua. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua hulipwa kila siku kazi inapoisha. Lakini ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, sheria inakuhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi, hata kama bado unaitwa kibarua.

"Probation" ni kipindi cha majaribio. Kisizidi miezi 6, na hakiongezwi bila ridhaa yako.

"Notice" ni notisi ya kusitisha kazi. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28 au zaidi.

Ukikwama, usione haya. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri ahakikishe umeelezwa mkataba kwa lugha unayoielewa. Kwa hivyo uliza kwanza, sahihi baadaye.